Samaki wa Mia na Hamsini: Usiondoke Kabla Simu ya Mama Karanga Haijalia

Kuna watu wanaamini kwamba ukitaka kula samaki Mombasa lazima ukae kwenye hoteli ya ufuoni, meza ina kitambaa cheupe, na bili ikija unashika kichwa. Si kweli. Mombasa ni mji ambao mtu mwenye shilingi mia tatu, ziwe mfukoni au kwenye simu, anaweza kula vya baharini jioni nzima na akashiba. Sisi tumefanya hivyo si mara moja, na leo tutakuonyesha njia tunayopita.

Lakini tuna neno pia. Kazi yetu ni malipo ya simu, na kila tukienda kula huko tunaona jambo lile lile: watu wanajua kula, kulipa ndiyo bado. Tutafika hapo. Kwanza tule.

Vya bei poa viko wapi?

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu. Tulianza saa kumi jioni pale Mama Ngina, ambako watu hukaa kwenye ukuta wakitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Hapo tulikula mihogo ya kukaanga, imepasuliwa katikati na kupakwa pilipili na ndimu, shilingi hamsini kila mtu. Mihogo si ya baharini, tunajua, ila tumbo linataka msingi.

Kutoka hapo tulitembea polepole hadi kivukoni. Abiria wa miguu halipi kitu kwenye feri ya Likoni, kwa hivyo safari ya kuvuka bahari ni ya bure kabisa. Ukishuka tu upande wa pili na kupanda ile barabara, pua inakuongoza. Karai zimepangwa kando ya njia, moshi unapanda, na kwenye sinia kuna tafi, changu, pono, vipande vya kolekole na fungu la dagaa waliokauka vizuri. Siku nyingine utapata ngisi. Wanaowakaanga ni wanawake tunaowaita mama karanga. Na kama wewe ni mgeni wa Pwani, jina hilo halihusiani na njugu. Linatokana na kukaanga.

Bei haikai mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wa mitumbwi na mashua ndogo hawawezi kwenda mbali. Samaki hupungua, bei hupanda. Kaskazi ikiingia, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari hutulia na sinia hujaa. Pweza naye ana siku zake: hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yakipwa sana na miamba ikabaki wazi, watu wakatembea juu yake kumtafuta. Kwa hivyo ukiambiwa leo tafi ni mia mbili na juzi ulimla kwa mia na hamsini, usianze vita. Uliza kwanza upepo gani unavuma.

Ukinunua samaki mbichi, tazama macho: yawe angavu na yamejaa, si yaliyozama ndani. Funua mashavu uone wekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi mahali pake. Aliyekaangwa ni vigumu kumsoma, lakini ukimuonja na ulimi ukaanza kuwasha kama umelamba pilipili ambayo haipo, mrudishe. Mama karanga anayejali jina lake hatakugombeza.

Tukachagua tafi watatu kwa mia na hamsini kila mmoja, na sima ya shilingi thelathini kwa kila sahani. Jumla mia tano arobaini. Kachumbari na ndimu ni bure.

Honi ya feri

Mbele yetu palikuwa na kijana, amevaa vizuri, ana haraka. Alichukua samaki watatu, wakafungwa kwenye gazeti. Mia nne hamsini. Akabonyeza simu yake kidogo, akaigeuza upande wa mama karanga na kusema, "Nimetuma mama, ona hii hapa." Kwenye skrini kulikuwa na meseji yenye jina, kiasi na saa. Mama hakuisoma. Mkono mmoja ulikuwa na kijiko cha kugeuzia samaki, wa pili umejaa unga na mafuta. Simu yake mwenyewe ilikuwa imefungwa ndani ya karatasi ya plastiki isije ikaingia mafuta, imewekwa chini ya meza. Feri ikapiga honi. Kijana akasema asante, akakimbia.

Dakika tano baadaye mama alipofuta mikono na kufungua simu, hapakuwa na kitu. Akaangalia salio. Lile lile. Akasubiri kidogo, maana mtandao nao huchelewa. Hamna. Ile meseji ilikuwa ya kutengenezwa, au ilikuwa ya siku nyingine, au pesa zilienda kwa mtu mwingine. Hatujui. Tunachojua ni kwamba feri ilikuwa katikati ya maji na samaki watatu walikuwa ndani yake.

Tukamuuliza kama hutokea mara nyingi. Akajibu huku anageuza samaki, "Hapa feri ikilia honi, hata mwenye nia nzuri hangoji. Sasa nitamjuaje mwenye nia mbaya? Wote wakimbia."

Hilo jibu ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwizi hakujificha gizani. Alijificha katikati yetu sisi wateja wazuri, kwa sababu na sisi tuna tabia ile ile: onyesha skrini, sema nimetuma, shika mfuko, ondoka. Mradi sisi tunaishi hivyo, yeye haonekani tofauti.

Hesabu ya sinia moja

Mtu atasema, ni mia nne hamsini tu, dunia haijaisha. Tufanye hesabu, kwa mfano wa kawaida tu.

Tuseme mama karanga ananunua tafi ishirini asubuhi kwa shilingi mia moja kila mmoja. Hiyo ni 2,000. Mafuta ya kukaangia 350, kuni na mkaa 150. Jumla ametoa 2,500. Akiwauza wote kwa 150, anapata 3,000. Faida ya siku nzima, kuanzia kuamka alfajiri kungojea mashua mpaka kuosha karai usiku, ni shilingi 500.

Sasa toa 450 za kijana wa feri. Amebaki na hamsini. Akitokea wa pili wa namna hiyo, kwa samaki mmoja tu, hapo tayari anakula mtaji. Na mtaji wa mama karanga hauko benki. Uko kwenye hilo sinia. Jioni unageuka pesa, alfajiri pesa zinageuka samaki. Ukipungua leo, kesho atanunua samaki kumi na saba badala ya ishirini, au atakopa kwa tajiri wa samaki, na deni la samaki hulipwa kwa bei ya mwenye kukopesha.

Ndiyo maana sisi tunasema hivi: bei poa ya samaki unayoifurahia inasimama juu ya faida nyembamba sana, na jinsi unavyolipa inaweza kuibomoa. Samaki wa mia na hamsini hajalipwa uliposema "nimetuma". Amelipwa simu ya mama ilipolia.

"Lakini si kazi yake kuangalia?"

Hili tumeambiwa mara nyingi, hata na marafiki zetu. Muuzaji ndiye anayepaswa kuhakikisha pesa zimeingia. Mteja akishatuma, yake amemaliza.

Kwa duka lenye kaunta na mtu wa kukaa kwenye kiti, sawa. Lakini simama hapo kwenye karai saa kumi na mbili jioni. Mafuta yanachemka, wateja kumi wamemzunguka, kila mmoja ana chake: huyu anataka mkia, yule anataka pilipili kando, mwingine anauliza chenji. Akiacha kugeuza samaki asome meseji, samaki wanaungua. Akiendelea kugeuza, hasomi. Kati ya nyinyi wawili, mwenye mikono mikavu ni wewe. Wewe ndiye uliyesimama huna kazi unangoja chakula. Kungoja nusu dakika zaidi hakukupunguzii chochote. Yeye kuacha karai kunampunguzia.

Mwingine husema, basi arudi kwenye pesa taslimu. Taslimu ina shida zake. Chenji ya hamsini hamsini haipatikani jioni, noti za bandia zipo, na kutembea usiku na pesa za siku nzima kwenye fundo la leso si jambo la kumtakia mama wa mtu. Malipo ya simu yalikuja nchini mwaka 2007 kama njia ya kumtumia mtu pesa akiwa mbali. Leo tunayatumia kumlipa mtu aliyesimama mbele yetu, ambaye tungeweza kumshika mkono. Huduma imebadilika, tabia ndiyo haijafika.

Mambo manne tunayokuomba

La kwanza, uliza kabla ya kutuma: "Nilipe wapi, mama?" Usichukue namba iliyoandikwa kwenye kibao ukaiamini tu. Vibao huzeeka, namba hubadilishwa, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kubandika yake juu ya ya mwenyewe. Ukishaingiza namba na kiasi, soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika, na ulitaje kwa sauti. Inawezekana laini iko kwa jina la mwanawe au mumewe. Yeye atakuambia ndiyo au la. Hapo umejiokoa na wewe pia, maana pesa zikienda kwa mtu mwingine, kuzirudisha ni safari.

La pili, kama hana till na unamtumia kwenye laini yake ya kawaida, tuma na ya kutoa. Mkenya yeyote anajua maneno hayo. Tunayatumia tukimtumia nyanya pesa kijijini, halafu tunayasahau mbele ya mtu anayetuuzia chakula. Akienda kwa wakala kuzitoa ili anunue samaki kesho, ada inakatwa kwenye faida ile ya mia tano. Ada hutegemea kiasi na huduma unayotumia, kwa hivyo angalia kwenye orodha ya ada kabla. Mkiwa kikundi, changeni kwa mmoja na atume mara moja badala ya kila mtu kutuma vipande vyake.

La tatu, ngoja simu yake ilie. Simu yake, si yako. Meseji iliyo kwenye simu yako inakuambia wewe kwamba zimetoka. Haimwambii yeye kwamba zimeingia kwake. Ikichelewa, ngoja. Ikichelewa zaidi, usitume tena kwa papara ukalipa mara mbili. Angalia salio lako kwanza uone kama zimekatwa. Feri nyingine itakuja.

La nne, na hili tutalisema bila kuzunguka: usile kisha ukaomba pesa zirudishwe. Ombi la kurudishiwa pesa lipo kwa ajili ya mtu aliyekosea namba kweli, aliyetuma nauli ya mtoto kwa mtu asiyemjua. Kuna watu wamelifanya mchezo. Wanakula, wanavuka, wanapiga simu huduma kwa wateja wakidai walikosea. Huo ni wizi, hata kama hukuchomoa kitu mfukoni mwa mtu.

Na kwako mama karanga, kaka wa supu, dada wa viazi karai, kama unasoma haya au mwanao anakusomea: ukipigiwa simu na mtu usiyemjua anasema "nimekutumia kimakosa, nirudishie," usirudishe kutoka mfukoni mwako. Angalia salio kwanza, si meseji, maana meseji ya uongo huandikwa na mtu yeyote. Mwambie apige huduma kwa wateja, kisha kata simu. Na namba yako ya siri haiulizwi na mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuihitaji.

Na sisi je?

Haingekuwa haki kuwapa wateja orodha ya kazi na sisi tukakaa kando. Mama karanga alitukumbusha kwamba jioni za mwisho wa mwezi meseji hukawia, na hizo ndizo jioni zenye wateja wengi. Meseji ikikawia, mteja mwaminifu anaonekana mwizi na mwizi anapata kisingizio. Hilo ni letu, si la mteja wala la muuzaji. Pia alituambia kwamba aliogopa kuchukua till kwa sababu alidhani ni ya wenye maduka makubwa. Kama mtu anayeuza kila siku kwa miaka anaamini huduma haimhusu, basi sisi ndio hatukumfikia. Tulikaa naye tukamweleza, huku tunakula. Tulipaswa kuwa tumefika kabla ya kijana wa feri.

Tunaamini pia kwamba mlio wa malipo kwenye simu za wauzaji wadogo ungefaa usikike tofauti na meseji nyingine, ili mtu mwenye mikono ya mafuta ajue bila kugusa kitu. Kwa sasa, hilo unaweza kulifanya mwenyewe kwenye simu nyingi: weka mlio wa meseji uwe mkubwa, na simu iwe juu ya meza, si chini yake. Kama una mtoto anayekusaidia jioni, kazi yake ya kwanza iwe kutazama salio, si kufunga samaki.

Supu ya kufungia

Tulirudi kisiwani na feri ya jioni, tukachukua tuktuk hadi Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Huko kuna mzee mwenye sufuria la supu ya pweza, na vipande vya pweza kwenye kijiti. Kikombe ni shilingi hamsini, na pilipili unajitilia mwenyewe kwa hatari yako. Ukijumlisha, mihogo hamsini, samaki na sima mia na themanini, supu hamsini, kila mmoja wetu alikula kwa mia mbili na themanini, nauli kando.

Tukamsalimu shikamoo, akaitikia. Tukanywa, tukatuma mia na hamsini pamoja, tukasoma jina, akakubali ndilo. Kisha tukasimama tu.

Akatutazama. "Mwangoja nini tena? Mwataka kuongezwa?"

"Twangoja simu yako ilie, mzee."

Akacheka, akasema katika wateja wote wa jioni hiyo hakuna aliyengoja. Mtandao ulikuwa mzito. Ilichukua karibu dakika mbili, tukiwa tumesimama pale mikono mitupu kama watu waliosahau njia ya kwenda kwao. Simu ikalia. Akaitazama, akatikisa kichwa kuonyesha imefika, na ndipo tukaaga.

Dakika mbili. Ukienda wikendi hii, nawe mpe muuzaji wako dakika mbili hizo.